Bolingi: mpira ukikosa lengo, kagua ulivyosimama kabla ya kuulaumu mkono

Mchezaji akikosa pini, kitu cha kwanza anachokitazama ni kiganja chake. Anakigeuza huku na huku, anakaza kidole gumba, kisha anarusha tena kwa nguvu zaidi. Mara nyingi kiganja hakina kosa. Mpira ulishapotea njia kabla hajainua mguu: bega lilikuwa limegeukia kushoto, uzito ulikuwa visiginoni, au mpira ulishikwa mbele ya kitovu badala ya mbele ya bega. Mkono umefuata tu njia ambayo mwili uliuchorea.

Maelezo haya ni ya bolingi ya pini 10 kwa anayerusha kwa mkono wa kulia. Mwenye shoto ageuze kulia kuwa kushoto na kushoto kuwa kulia, na mbao azihesabu kuanzia upande wake wa kushoto.

Mambo matatu ya kusoma kila baada ya mpira

Leni, yaani njia ya kurushia mpira, ina mbao 39 zinazohesabiwa kuanzia kulia, kila moja ina upana wa karibu sentimita 2.7. Kwenye leni nyingi za siku hizi mbao hizo ni michoro tu, ila hesabu haibadiliki. Pini ya 1, ile ya mbele kabisa, imesimama kwenye ubao wa 20, katikati kabisa. Mishale saba iko kwenye ubao wa 5, 10, 15, 20, 25, 30 na 35, kwa wastani wa mita 4.6 mbele ya mstari wa faulo, ule ambao mrushaji haruhusiwi kuuvuka. Kutoka mstari huo hadi pini ya 1 ni mita 18.29.

Kwa hiyo mpira unapopita kwenye mishale umemaliza robo tu ya safari. Kwa mpira ulionyooka, ukiutua mahali pake lakini ukakosa ubao wa mshale kwa ubao 1, ukifika kwenye pini utakuwa umekosa kwa mbao 4. Ukipita juu ya mshale barabara lakini mguu wako umeishia ubao 1 kushoto, kwenye pini utakosa kwa mbao 3 upande wa kulia. Mbao 3 ni sentimita 8, na pini nayo, mahali inaponenepa kabisa, haizidi sana sentimita 12. Kosa la ubao mmoja wa mguu linatosha kugeuza straiki (pini zote 10 kwa mpira mmoja) kuwa pini mbili zilizobaki zimeachana.

Basi kila baada ya kuachia mpira, bila kusogea, soma kwa mpangilio huu: mpira umepita ubao upi kwenye mishale, je, umeweza kubaki kwenye mguu mmoja mpaka mpira ugonge pini, yaani sekunde 2 au 3, kisha tazama chini, ukingo wa ndani wa kiatu cha kushoto umeishia ubao upi.

Kama ulipepesuka, usihukumu chochote kutokana na mpira huo, hata kama umeangusha pini zote 10. Kama ulitulia, mguu uko mahali pake na mshale umeupata, lakini pini zimekataa, msimamo hauna kosa. Hapo tatizo ni kasi, mzunguko wa mpira au mafuta yaliyopakwa juu ya leni, na dawa ni kusogeza mahali pa kuanzia, si kujikunja upya. Mguu sawa, mshale si sawa: kosa liko kwenye bega na njia ya mkono. Mshale sawa, mguu si sawa: hatua zako zinakwenda mrama.

Watu wengi huchanganya hizo mbili za mwisho, wakaishia kurekebisha mkono ambao hauumwi.

Msimamo wa kulinganishia

Fundi hawezi kujua ukuta umepinda bila timazi. Hii ndiyo timazi yako.

Nyayo zimeachana sentimita 3 hadi 5, ncha zote mbili zikielekea unakolenga. Mguu wa kulia umerudi nyuma sentimita 5 hadi 10, kiasi kwamba ncha ya kiatu chake iko sawa na mahali kamba za kiatu cha kushoto zinapoanzia. Kurudisha mguu huo kunafungua nyonga, na nyonga ikifunguka bega la kulia linarudi nyuma kidogo na kushuka sentimita chache chini ya la kushoto. Uwazi huo ndio mlango ambao mkono utapitia.

Magoti yamelegea, hayajakunjwa kama ya mtu anayekaa. Ukitazamwa kwa ubavu, goti liko juu ya kamba za kiatu. Mgongo umeinama mbele kama nyuzi 10 hadi 15, na umeinamia nyongani, si katikati ya mgongo.

Mpira uko mbele ya bega la kulia, kati ya kiuno na kifua. Kiwiko kimegusa ubavu, juu kidogo ya nyonga. Karibu robo tatu ya uzito wa mpira imebebwa na mkono wa kushoto. Wa kulia umeingizwa vidole tu na kusubiri. Kifundo cha mkono kimenyooka.

Uzito wa mwili uko kwenye sehemu ya mbele ya wayo, na hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: uko kwenye mguu gani? Anayetembea hatua 4 anaanza na mguu wa kulia, kwa hiyo uzito unalala kushoto. Anayetembea hatua 5 anaanza na wa kushoto, kwa hiyo uzito unalala kulia. Ukisimama na uzito kwenye mguu uleule unaotaka kuuinua, mwili lazima ujiyumbishe kwanza ndipo utoke. Kule kutikisika unakokuona kwa wanaoanza mchezo kabla ya hatua ya kwanza, chanzo chake mara nyingi ni hicho tu.

Dalili: mpira unavuka kwenda kushoto

Ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Mpira unalenga mshale wa pili (ubao wa 10), unapita ubao wa 13 au 14, kisha unaigonga pini ya 1 usoni au unapita kushoto kwake kabisa.

Anza na mahali ulipoushika mpira. Mkono ni timazi iliyotundikwa begani. Timazi ukiivuta kushoto na kuiachia, itakwenda nyuma upande wa kulia na kurudi tena kushoto. Haina hiari. Mpira ulioshikwa mbele ya kifua unafanya hivyohivyo: ukiusukuma mbele uko kushoto kwa bega, ukienda nyuma unatoka nje mbali na mwili, na ukirudi unakata mbele ya mwili kwenda kushoto. Usijaribu kuusahihisha njiani. Usogeze kulia sentimita 10 au 15 ukiwa bado umesimama, mpaka kiwiko kiguse ubavu, halafu usukume mbele ukielekea mshale.

Kama mpira ulikuwa mahali pake, kagua mabega. Simama kama kawaida, mwenzako akulaze fimbo au mpini wa ufagio juu ya mabega yote mawili kwa nyuma. Ncha ya kulia ikiwa mbele kuliko ya kushoto, umejifunga. Wengi hujifunga bila kujua. Rudisha mguu wa kulia sentimita chache zaidi kabla ya kugusa kitu kingine. Mara nyingi bega litafuata lenyewe.

Sababu ya tatu ni nguvu. Mpira ukifika juu nyuma, mchezaji anaukamata kwa misuli na kuushusha kwa kasi. Bega la kulia linazunguka mbele mapema, na mkono unalifuata. Jaribu hivi: simama kando bila kutembea, ning'iniza mpira, uubembeze mara 10 mbele na nyuma. Kama bega linapanda kuelekea sikioni, au kiganja kinakaza kila mpira unaposhuka, mpira ni mzito kwako au matundu hayakufai. Mpira unaoruhusiwa hauzidi kilo 7.26, yaani pauni 16, lakini hakuna zawadi kwa anayebeba ule. Shuka pauni 1 au 2 urudie jaribio.

Kuhusu matundu: ingiza kidole gumba chote, kisha laza vidole vya kati na pete juu ya matundu yake bila kuviingiza. Kwa mpira wa kukodi, mstari wa kiungo cha pili cha vidole hivyo unapaswa kupita ukingo wa ndani wa tundu kwa milimita 6 hivi. Ukipita zaidi ya hapo, nafasi kati ya matundu ni fupi na utalazimika kubana kwa kidole gumba. Ukiwa haufiki, ni ndefu, na kidole gumba kitavutwa. Mkono unaobana hauwezi kubembea kama timazi.

Dalili: mpira unatoka kulia

Kagua kinyume cha yaliyotangulia kwanza: mpira umeshikwa nje ya bega, kiwiko kimeachana na ubavu. Hapo ukienda nyuma unajificha mgongoni, na ukirudi unatupwa nje. Ukijirekodi kwa nyuma utaona mpira unapotea nyuma ya mgongo ukiwa juu. Hiyo picha peke yake inatosha kuamua.

Chanzo cha pili ni bega lililoshuka kupita kiasi. Kushusha bega kunapofanywa kwa kuinamisha kiuno upande wa kulia, kichwa nacho kinatoka nje ya mguu, na mwili mzima unasukuma mpira kulia. Bega linashuka kwa sababu nyonga imefunguka na uti wa mgongo umeegemea kidogo upande huo. Ukihisi mkunjo kwenye mbavu za kulia, umezidisha.

Kama mshale umeupata lakini mpira umeishia kulia kwenye pini, rudi kwenye hesabu ya mwanzo: yamkini mguu uliishia kushoto. Soma sehemu inayofuata.

Dalili: mguu hauishii ulikokusudia

Kuna vitone kwenye eneo la hatua, vikiwa vimeachana mbao 5. Kile kikubwa cha katikati ni ubao wa 20. Anza na ukingo wa ndani wa kiatu cha kushoto kwenye ubao unaoujua, na ukimaliza tazama ukingo huohuo. Tofauti ya mbao 2 au 3 haina shida ikiwa ni ileile kila mara. Ile ya kubadilikabadilika, leo 2 kesho 6, ndiyo inayokula pointi.

Wengi hukengeuka kushoto, na sababu ni kwamba mwili unaukimbia mpira. Mpira una kipenyo cha sentimita 21.6; kama uko mbele ya tumbo, hauna pa kupita ila nyonga iupishe. Mwili unapiga hatua pembeni ili usigongwe. Ukimwambia mtu huyu atembee moja kwa moja bila kusogeza mpira mbele ya bega, utamfanya ajigonge pajani tu.

Mpira ukishakuwa mahali pake, kazi inabaki kwa hatua. Kwa hatua 4, hatua ya pili ni ya mguu wa kushoto, nayo inatua mbele ya mguu wa kulia, kana kwamba unatembea juu ya ubao mmoja mwembamba. Hatua hiyo inaipeleka nyonga ya kulia nyuma wakati mpira unashuka kando yake. Kwa hatua 5 ni hatua ya tatu. Anayetembea miguu ikiwa imetanuka hana budi kuyumba kulia na kushoto, na mpira unayumba naye.

Anayekengeuka kulia, kwa kawaida anafuata uzito. Amebeba mpira wote kwa mkono wa kulia tangu amesimama, bega limelemewa, na miguu inakwenda kulizuia lisianguke. Mwambie ahamishie uzito kwenye kiganja cha kushoto na abaki ameugusa kwa mkono huo mpaka mpira uanze kushuka.

Dalili: unaanguka kulia ukimaliza

Mguu wa kulia unaruka kutafuta pa kutua, au mkono wa kushoto unapunga hewani kama wa mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Chanzo ni mahali mguu wa kushoto ulipotelezea. Unapaswa kuishia chini ya kidevu. Ukiishia kushoto zaidi, sehemu kubwa ya uzito wako iko kulia kwa wayo, tena ina mpira mkononi. Kuanguka ni suala la muda.

Mwishoni jipange hivi: goti la kushoto limekunjwa, kidevu juu ya goti, goti juu ya ncha ya kiatu. Mguu wa kulia umepita nyuma na kuvuka upande wa kushoto, vidole vikigusa sakafu. Mkono wa kushoto umenyooshwa pembeni kwa urefu wa nyonga hadi bega. Mguu na mkono huo ndio mizani ya mpira. Ukiuacha mguu wa kulia nyuma moja kwa moja, umeiondoa mizani na pia umeuziba mlango wa mpira.

Zoezi lake ni la hatua moja. Simama sentimita 60 nyuma ya mstari, mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia, bembeza mpira mbele na nyuma mara moja, na unaporudi mbele telezesha mguu wa kushoto uende chini ya kidevu. Baki hapo. Mara 15, bila kujali pini. Kama huwezi kutulia kwa hatua moja, hatua nne haziwezi kukusaidia.

Kisha kagua magoti ulipokuwa umesimama. Anayeanza na magoti yaliyonyooka hutembea kwa urefu huo, halafu analazimika kushuka ghafla kwenye hatua ya mwisho. Kichwa kinashuka, macho yanapoteza mshale, na wayo unatua kwa kishindo badala ya kuteleza. Ni rahisi kuanza chini kidogo kuliko kutumbukia mwishoni.

Dalili: mpira unadondoka kwa kishindo, au unaruka mbali

Kishindo kabla ya mstari au juu yake: mpira umeponyoka. Kidole gumba kiko huru mno, au kifundo cha mkono kimevunjika kuelekea nyuma. Angalia ulivyosimama: kama kifundo tayari kimelegea ukiwa umetulia, mpira ukiwa kwenye mwendo hutaweza kukiinua. Vilevile, anayebeba mpira wote kwa mkono wa kulia huku akisubiri zamu ya leni jirani imalizike anaanza hatua na kigasha kimeshachoka. Ukiona unasubiri, uweke mpira kwenye mkono wa kushoto.

Mpira unaoruka na kutua nusu mita au zaidi mbele ya mstari ni kinyume chake. Kidole gumba kimekwama, au mwili umesimama wima na goti la mbele halijakunjwa, hivyo mkono unafika chini ukiwa mbali na sakafu. Kama kidole gumba kinatoa mlio wa kuchomoka, tatizo ni tundu. Kama hakuna mlio, tatizo ni goti.

Dalili: faulo, au unaishia mbali na mstari

Hili halihitaji falsafa. Geuka uzipe pini mgongo, visigino vikiwa sentimita 5 hadi 8 kutoka mstari wa faulo. Tembea kwa mwendo wako wa kawaida hatua 4 na nusu (nusu ya mwisho ni ya kuteleza), kisha geuka. Hapo ndipo pa kuanzia kwa hatua 4. Kwa hatua 5 ni 5 na nusu. Eneo la hatua lina urefu wa angalau mita 4.57, kwa hiyo mwenye miguu mirefu anayetaka hatua 5 huenda akalazimika kufupisha ya kwanza.

Unapaswa kuishia sentimita 5 hadi 15 nyuma ya mstari. Ukivuka wakati wa kurusha, pini zote ulizoangusha kwa mpira huo hazihesabiwi. Ukiishia nusu mita nyuma, leni yako imekuwa ndefu bure.

Kama umepima na bado unabadilika kila mara, tazama soli ya kiatu cha kushoto. Kuteleza ni kazi ya kiatu hicho peke yake. Tone moja la maji kutoka chooni au karibu na meza ya vinywaji linatosha kukishikisha sakafuni. Pitisha kiganja kwenye soli kabla ya kila zamu. Kiatu kinachoshika ghafla kinautupa mwili mbele, na goti ndilo linalolipa.

Dalili: miguu imefika, mpira bado

Unafika kwenye mstari, umeshasimama, ndipo mkono unashuka. Au mpira unafika kabla yako na unaurusha ukiwa bado unatembea.

Kwa hatua 4, mpangilio ni huu: hatua ya 1, mpira unasukumwa mbele, ya 2, unashuka kando ya mguu, ya 3, uko juu nyuma, ya 4, unateleza na kuachia. Hatua ya 1 na msukumo vinaanza pamoja, sekunde ileile. Kwa hatua 5, ya kwanza ni tupu na mpira unaanza na ya pili.

Mpira ukichelewa, ushushe unaposimama. Mpira ulioshikwa kifuani una safari ndefu kuliko ulioshikwa kiunoni, na mkono unaobembea kwa uhuru hauharakishwi kwa kutaka. Anza na kushusha sentimita 10. Mpira ukiwahi, upandishe kiasi hicho. Tazama pia urefu wa hatua ya kwanza: iwe fupi, kama nusu ya hatua yako ya kawaida. Wanaoanza na hatua ndefu wanajikuta wanakimbia kwenye ya tatu, na hapo hakuna msimamo utakaowaokoa.

Pini za pembeni: msimamo sawa, mwelekeo si sawa

Pini ya 10, ile ya kona ya nyuma upande wa kulia, imebaki. Mchezaji anasogea mbao 9 kushoto kama alivyofundishwa, analenga mshale uleule, na mpira unaingia mtaroni. Anaona kanuni ya 3-6-9 (kusogea mbao 3, 6 au 9 kulingana na pini iliyobaki iko mbali kiasi gani pembeni) ni ya uongo.

Kanuni haina kosa. Kusogea mbao 9 mahali pa kuanzia kunadhania kwamba utatembea ukielekea mshale, si sambamba na leni. Mahali pa kuanzia ni kama mita 4.6 nyuma ya mstari wa faulo, na mshale ni umbali huohuo mbele yake. Ukitembea ukiuelekea mshale, zile mbao 9 zinakuwa 4 na nusu ukifika kwenye mstari. Zikizidishwa kwa 3 unapata mbao 13 na nusu kwenye pini. Kutoka ubao wa 17 na nusu, ambako straiki huingilia kati ya pini ya 1 na ya 3 (iliyo nyuma yake kulia), zinakufikisha ubao wa 4. Pini ya 10 iko karibu na ubao wa 3. Ukitembea sambamba na leni, mbao 9 zinabaki 9, zinazaa 27 kwenye pini, na hapo leni imekwisha zamani.

Kwa hiyo kwa pini za pembeni geuza kila kitu kwa pamoja: ncha za viatu, magoti, nyonga, mabega. Kosa la kawaida ni kugeuza miguu tu na kuacha mabega yakitazama mbele, au kugeuza kichwa peke yake. Hesabu hii ni ya mpira ulionyooka. Anayepinda mpira sana afadhali pini ya 10 airushie mpira wa plastiki usiopinda.

Maumivu

Kiuno kikiuma baada ya mizunguko miwili, kwa kawaida unainama kwa kukunja mgongo badala ya nyonga. Simama visigino vikiwa sentimita 15 kutoka ukutani, rudisha makalio mpaka yaguse ukuta huku mgongo umenyooka. Huo ndio mkunjo unaotakiwa. Kifundo cha mkono kikiuma, mpira umekalia mkono wa kulia muda mrefu au nafasi ya matundu ni ndefu. Goti la kushoto likiuma, kagua soli kwanza, kisha kama ncha ya kiatu inageuka ndani unapoteleza. Goti likielekea mbele na wayo ukielekea pembeni, kiungo kinasokotwa. Maumivu makali au yanayobaki hadi kesho yake si ya kurekebishwa kwa msimamo. Pumzika na umwone mtaalamu wa afya.

Kujikagua bila mwenzako

Simu iwekwe nyuma yako katikati ya mstari wako wa kutembea, kwa urefu wa kiuno, urekodi mipira 5. Kisha ubavuni upande wa kulia, mingine 5. Kwa nyuma tafuta vitu viwili tu: mpira unaonekana wapi ukiwa juu, na kichwa kinayumba kiasi gani. Kwa ubavu simamisha picha mguu wa kushoto unapokoma kuteleza, uone kama kidevu, goti na ncha ya kiatu viko kwenye mstari mmoja.

Badilisha kitu kimoja tu kwa mipira 10. Ukisogeza mpira, kurudisha mguu na kushusha magoti kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichosaidia na kipi kilichoharibu. Mpangilio unaookoa muda ni kupanda kutoka chini: miguu, magoti, nyonga, bega, mahali pa mpira, halafu kiganja. Na kabla ya kila mpira, ukiwa umesimama, toa pumzi mara moja na uhisi mkono wa kushoto ndio unaobeba. Kama mkono wa kulia umeshaanza kukaza, shusha mpira, rudi nyuma hatua moja na uanze upya.